Apraksia: mkono una nguvu, kazi imepotea

Mzee wa Bwiza, mjini Bujumbura, aliyepatwa na kiharusi huenda akashika kitana barabara, akaelewa anachoambiwa, lakini asiweze kuchana nywele. Hakupooza. Hali hiyo huitwa apraksia: ubongo hushindwa kupanga harakati ambazo mtu alikwisha jifunza. Daktari Mjerumani Hugo Liepmann aliieleza mwaka 1900, na baadaye akaonyesha kuwa mara nyingi huhusiana na madhara katika upande wa kushoto wa ubongo.

La ajabu, mgonjwa anayeshindwa kupunga mkono akiombwa, huweza kumpungia mgeni anayeaga bila hata kufikiri. Hapo ndipo jamaa humshuku kuwa anajifanya, nao humkosea. Mazoezi ya kazi mojamoja, kama kuvaa shati au kutumia kijiko, kwa vifaa vyake mwenyewe, huweza kumrudishia sehemu ya ustadi wake.