Kahuzi-Biega: gorila, watalii na Batwa

Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iko Kivu, karibu na Bukavu. Jina lake linatokana na milima miwili, Kahuzi (mita 3308) na Biega (mita 2790). Iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi msitu wa bondeni; leo ina kilomita za mraba zipatazo 6000. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu 1997 imo kati ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita, uwindaji haramu na uchimbaji wa madini.

Mnyama wake mashuhuri ni gorila wa Grauer, anayeishi mashariki mwa Kongo tu. Tangu miaka ya 1970 makundi kadhaa yamezoeshwa watu, na walinzi wamewapeleka watalii kuyaona.

Lakini msitu huo ulikuwa na wenyewe. Batwa waliishi humo wakiwinda, wakitafuta asali na dawa za miti. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 walifukuzwa bila fidia, wakabaki pembezoni bila mashamba. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao.

Katika Mwanzo 2:15, bustani inakabidhiwa kwa mtu anayekaa ndani yake. Kanisa likihubiri utunzaji wa uumbaji, limtetee gorila, na pia limtetee Mtwa apate ardhi, shule na sehemu ya fedha za watalii.