Ufadhili unaowashika mkono walimu wapya wa sayansi na hisabati

UHABA wa walimu wa sayansi na hisabati katika shule za upili umeisumbua Marekani kwa miongo mingi. Muungano wa Kisovieti uliporusha setilaiti ya Sputnik mnamo Oktoba 1957, Wamarekani walitahayari na kuanza kujiuliza iwapo shule zao zilikuwa zimeachwa nyuma. Mwaka uliofuata, 1958, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliojiunga na ualimu katika shule za umma waliweza kusamehewa hadi nusu ya mkopo huo.

Hata hivyo, fedha za masomo pekee hazikutosha. Mwaka 2001, mtafiti Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alionyesha kwamba kiini cha tatizo si uchache wa wanaosomea ualimu tu, bali pia wingi wa wanaouacha kabla ya umri wa kustaafu. Katika makadirio yake ya miaka hiyo, kati ya asilimia 40 na 50 ya walimu wapya waliondoka darasani kabla ya kutimiza miaka mitano. Kuajiri bila kuwahifadhi walioajiriwa ni sawa na kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Sababu si ngumu kuelewa. Aghalabu mwalimu mpya hukabidhiwa mzigo uleule wa vipindi anaobeba mwenzake mwenye tajriba ya miaka 20, pengine katika madarasa yaliyo magumu zaidi. Isitoshe, aliyehitimu katika fizikia au hisabati huweza kupata mshahara mnono zaidi nje ya shule.

Ni katika hali hiyo ambapo mipango ya ufadhili kwa walimu wanaoanza kazi ilibuniwa. Mwaka 1999, Harry Knowles na mkewe Janet waliasisi wakfu wa kuwasaidia walimu wa aina hiyo. Knowles alikuwa mwanafizikia aliyetajirika kupitia kampuni ya Metrologic, iliyotengeneza mashine za kusoma alama za mistari kwenye bidhaa madukani. Wakfu huo, wenye makao Moorestown katika jimbo la New Jersey, ulibuni ufadhili wa miaka mitano. Mbali na fedha, walimu walipata vifaa vya kufundishia, ushauri wa walimu wazoefu na mikutano ya kuchunguza pamoja kazi zao za darasani.

Mwaka 2004, mwanahisabati na mwekezaji bilionea Jim Simons, aliyefariki mwaka 2024, alianzisha shirika la Math for America jijini New York. Wafadhiliwa wake wa kwanza walilipiwa shahada ya uzamili, kisha wakafundisha hisabati katika shule za umma kwa miaka minne huku wakiongezewa posho juu ya mshahara.

Serikali nayo haikusalia nyuma. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha ufadhili uliopewa jina la Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa chipu ya kompyuta na mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Intel. Kwa kila mwaka wa kufadhiliwa, mwanafunzi alitakiwa kufundisha miaka miwili katika eneo lenye uhitaji mkubwa. Aliyekiuka ahadi hiyo aligeuziwa ufadhili kuwa mkopo wa kulipwa.

Tofauti iliyopo ni bayana. Mkataba unaweza kumfunga mwalimu kwa muda, lakini wenzake wa kumshauri humpa sababu ya kubaki hata muda huo ukiisha.

Kenya pia ina tajriba yake. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani, uliwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliokuwa tayari kazini. Ufadhili wa Marekani unamlenga yule ambaye ndiyo kwanza ameshika chaki. Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Nchi inayogharimia masomo ya mwalimu kwa miaka mingi hupata hasara maradufu inapomwacha apambane peke yake katika miaka ya kwanza: humpoteza yeye, na pamoja naye wanafunzi ambao angewafunza.