Reli Iliondoka, Baiskeli Ikabaki

Nilipokuwa likizo kwa mjomba wangu huko Mnero, wilayani Nachingwea, nilimwomba aniazime baiskeli yake kwa siku moja. Nikamweleza kwamba nataka kuzunguka: nitoke Mnero, nifike Nachingwea mjini, nipite Ruangwa, kisha nirejee kabla giza halijaingia. Mjomba akauliza, "Unapeleka nini huko?" Nikasema sipeleki kitu. "Basi unakwenda kuchukua nini?" Sichukui kitu. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kusini baiskeli haitembei bure. Ina keria ya chuma nyuma, na juu ya keria hiyo hukosi kitu: gunia la ufuta, madumu ya maji, mkungu wa ndizi, pengine mgonjwa anayepelekwa hospitali huku ameshikiliwa na nduguye. Mimi nilipita na keria tupu, na kila kijiji watoto walinikodolea macho.

Nchi ile ni ya vilima vidogo vidogo. Unateremka hadi machozi yanakutoka kwa upepo, halafu mbele yako kinasimama kilima kinachokulazimisha ushuke uikokote. Ni katika kukokota huko ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo, kila nilipopita kwa basi, sikuwahi kuyaona. Mbali na barabara, katikati ya pori, imesimama miembe mikubwa kwa mstari, na hakuna nyumba hata moja. Hayo ni mahame. Watu waliishi pale na kuzika pale, hadi operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamishia kando ya barabara. Miembe haikuhamishwa. Wala mikorosho haikuhamishwa, na mkulima aliyekuwa akiamka na kuikuta mikorosho yake mlangoni sasa alitakiwa kutembea saa nzima au zaidi kuifuata. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei mbaya ilichangia, na ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia. Lakini umbali nao ulichangia, na mwenye baiskeli analifahamu hilo kwa magoti yake.

Kabla ya baiskeli, mzigo ulikuwa wa kichwa. Vita vya Majimaji vya 1905 vilipozimwa, chakula cha watu kilichomwa na njaa ikafuata. Haikupita miaka mingi, vita vya Wazungu vikaingia. Ruponda, ambayo iko katika wilaya hiyohiyo ya Nachingwea, Wajerumani walikuwa wameweka ghala kubwa la chakula, na Oktoba 1917 Waingereza wakaiteka. Vitabu vinatuambia jina la jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Havituambii ni nani aliyelima nafaka ile na ni shingo ya nani iliyoibeba hadi ghalani.

Nilifika Nachingwea jua limeshawaka sawasawa. Nikanunua karanga za kukaanga, zile zinazofungwa kwenye karatasi, nikaketi kivulini. Jambo hilo lilinichekesha peke yangu, maana mji ule umezaliwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za pori la Afrika Mashariki ili kulima karanga, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa iwe Jimbo la Kusini la Tanganyika. Yaliletwa matrekta yaliyochoka vitani. Hata vifaru viligeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mtwara nako kukachimbwa bandari ya kina kirefu, iliyofunguliwa 1954 na kuunganishwa na reli hiyo.

Lakini bandari ilipofunguliwa, mpango wenyewe ulikuwa umekwishakufa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Reli ikabaki inasubiri mzigo usiokuja. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha mataruma na vyuma vikang'olewa. Mzee mmoja, aliyekwisha kuvuka miaka 80, alinionyesha mahali tuta lilipopita. Alipokuwa mtoto wakitoroka shamba kwenda kulitazama garimoshi. Nikamuuliza walisema nini lilipoondolewa. Akasema, "Tulidhani wanakwenda kulitengeneza."

Wapo wanaosema ardhi ya kule haikufaa. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa Nachingwea. Karanga nilizokuwa nikitafuna zililimwa kwa jembe la mkono, na mkulima wake hakuhitaji kifaru.

Kilichobaki cha mpango ule ni majina. Mashamba yalipewa namba, na mpaka leo mtu wa Nachingwea atakuambia anaelekea Farm 17 bila kufikiri namba hiyo ilitoka wapi. Na mashamba ya bwana mkubwa yakapata kazi ambayo bwana mkubwa hakuiwazia: kuanzia 1965 FRELIMO waliweka kambi yao Nachingwea, wakawafundisha hapo wapiganaji wa kuikomboa Msumbiji, Samora Machel akiwa kiongozi wao mkuu wa mafunzo kabla hajawa rais wa chama mwaka 1970. Ni kutoka kusini hii alikoanzia, Mei 1975, safari ya kuvuka Ruvuma hadi Maputo, na Juni 25 bendera ya Msumbiji ikapandishwa. Hayo tunayaimba, na ni haki tuyaimbe. Ila katika kambi hiyohiyo, mwaka huohuo, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya watu akasomeshwa maungamo. Mwenye kusimulia habari za Nachingwea asiiruke siku hiyo.

Ya Ruangwa nitayapita upesi, kwa sababu nami nilipita upesi. Ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipokuwa wilaya mwaka 1995, na wasikilizaji vijana wanaijua zaidi kwa Namungo, timu yake ya mpira. Pancha ilinipata hapo. Fundi wa chini ya mwarobaini aliiziba, akaikagua keria, akauliza mzigo wangu umeibiwa.

Nilirudi Mnero taa zimekwisha kuwashwa, miguu haishikiki. Mjomba alikuwa barazani. Hakuuliza nimeona nini. Aliizungusha gurudumu la nyuma, akaibinya tairi kwa kidole gumba, akaligusa lile baka la pancha. Kisha akaingia ndani akatoka na kamba ya mpira, akaiegesha baiskeli ukutani na kuanza kufunga gunia la ufuta, kwa sababu kulipokucha ilitakiwa iwe ghalani, kwenye chama cha ushirika.