Vifo vya uzazi

Vifo vya uzazi ni vifo vya wanawake vinavyotokea wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika, kwa sababu zinazotokana na ujauzito au kuchochewa nao. Vifo vya ajali havihesabiwi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 260,000 walifariki hivyo mwaka 2023, sawa na 197 kwa kila vizazi hai 100,000, takriban asilimia 70 wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Chanzo kikuu ni kutokwa na damu nyingi: mji wa mimba usipojikaza baada ya kujifungua, mama anaweza kufa ndani ya saa chache, ingawa sindano ya oksitosini, inayotunzwa kwenye ubaridi, huzuia mengi ya matukio hayo. Kifafa cha mimba na maambukizi pia huua. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa zilionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 na 104 mwaka 2022.