Mgomba na Mbuni: Shamba la Mseto katika Kasese na Bwera

Mtu apandapo kutoka Bwera kuelekea milima ya Ruwenzori hukuta mashamba ambayo mgeni huyadhani vichaka. Migomba imesimama juu, mibuni imejisitiri kivulini, na maharagwe yamefunika ardhi. Hivi ndivyo walimavyo Wakonzo wengi.

Historia ya shamba hilo ni historia ya safari. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mbuni wa arabika ulitoka nyanda za juu za Uhabeshi. Maharagwe yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492. Mkulima ndiye aliyewakutanisha wageni hao.

Zama za ukoloni, mabwana shamba wengi walihimiza kila zao lipandwe peke yake, kwa mistari iliyonyooka. Mchanganyiko waliuona fujo. Ilhali tangu mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alikwisha kueleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi. Masalia yake yaozapo, udongo hupata rutuba. Mgomba nao huukinga mbuni na jua kali, na majani yake yakitandazwa chini huzuia mvua kuchukua udongo. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza mashamba ya Uganda walieleza kuwa mazao hayo mawili yakipandwa pamoja humpa mkulima mapato makubwa kuliko kila moja likiwa peke yake.

Hata hivyo, ujirani una masharti. Migomba isipopunguzwa, mbuni hunyimwa mwanga na maji.

Elimu hii si ya anasa. Mwaka 1952 ilianzishwa bondeni hifadhi ambayo sasa huitwa ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1991 ikafuata ile ya Milima ya Ruwenzori. Kati ya hifadhi hizo mbili ardhi ya kulima haiongezeki, ilhali watu huongezeka. Anayepoteza udongo wake hana pa kuhamia.

Sisi walimu wa Kiswahili tunalo neno la kufaa: mseto. Asili yake ni jikoni, mchele na choroko katika chungu kimoja. Choroko haigeuki mchele, wala mchele haugeuki choroko. Lakini mlaji hushiba zaidi. Basi somo na lianzie hapo: kila mwanafunzi ataje mmea mmoja wa kwao, aeleze unampa nini jirani yake, na unapokea nini.