Otieno Wawili Si Kosa

Ukivuka daraja kutoka Mbita uingie kisiwa cha Rusinga, halafu uite "Otieno!" kwa sauti pale ufuoni, usishangae wakigeuka watu watano. Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku. Akinyi ni msichana wa asubuhi. Okoth alikuja na mvua. Abasuba, wenyeji wa kisiwa hicho ambao wengi wao sasa wanaongea Kijaluo, wanatumia majina hayo hayo. Usiku ni ule ule na watoto ni wengi, kwa hivyo majina yanajirudia, na hakuna anayesumbuka. Kila mtu anajua ni Otieno yupi, wa mama nani, wa boma gani.

Kompyuta haijui. Ipe orodha ya majina ya kisiwa kizima na itakuambia, bila haya, kwamba orodha yako imejaa marudio.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya kompyuta, na siku hizi kodi ya nyumba nailipa kwa kuandika maelezo ya programu zilizotengenezwa na watu wengine. Kwa hiyo kila wiki nakutana na swali hili kwa njia moja au nyingine: vitu viwili vikifanana, ni nani anayesema kwamba kimoja ni cha ziada? Swali lenyewe lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita Rusinga.

Kati ya mwaka 2012 na 2015, kisiwa kilikuwa uwanja wa utafiti ulioitwa SolarMal. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye kampasi pale Mbita, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya Swiss TPH kuweka mitego ya mbu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, nyumba kwa nyumba. Wakazi walikuwa kama 25,000. Ili kujua kama malaria inapungua kweli, ilibidi kila mtu ahesabiwe, na ahesabiwe mara moja tu. Wahesabuji walizunguka na vishikwambi vyenye programu ya Open Data Kit, na taarifa zikaingia kwenye mfumo unaoitwa OpenHDS. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016: sehemu zilizowekewa mitego zilikuwa na malaria pungufu kwa karibu asilimia 30.

Sasa fikiria hesabu hiyo kama Otieno mmoja angeandikwa mara mbili, au Otieno wawili wangeunganishwa wakawa mtu mmoja. Idadi ya watu inapinda, na asilimia zinapinda nayo. Ndiyo maana OpenHDS haitegemei jina. Kila mtu anapewa namba yake, kila nyumba namba yake, na mfumo unaandika nani anaishi wapi na nani ni mzazi wa nani. Na hata hapo kuna mtego. Chukua mapacha: baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Mashine inayolinganisha safu kwa safu itapiga kelele. Lakini Mjaluo akisikia tu Opiyo na Odongo anajua hao ni wawili, na anajua pia nani alitangulia. Jibu liko ndani ya majina, ila lazima uwe unajua lugha.

Wanaprogramu wamepambana na tatizo hili hili kwa nusu karne, upande wa maandishi yao wenyewe, yaani msimbo.

Lawama ya kwanza tunaweza kumpa Larry Tesler, kwa upendo. Miaka ya kati ya 1970, pale Xerox PARC, California, yeye na Tim Mott walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, na humo ndimo kukata, kunakili na kubandika kulipata sura tunayoijua leo. Ikawa rahisi mno. Kwa nini uandike upya kitu ambacho tayari kinafanya kazi? Unakopi, unapesti, unabadilisha majina mawili matatu, unaenda kulala.

Shida huja baadaye. Tuseme programu ya kliniki ina kipande kinachokokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake, na kipande hicho kimekopiwa mahali saba. Siku kosa linapogunduliwa, mtu analirekebisha mahali pamoja, anapumua, anafunga kazi. Sita zilizobaki zinaendelea kudanganya. Na anayeumia si aliyekopi. Ni mama aliye kwenye foleni na mtoto mgongoni.

Kusoma mistari milioni kwa macho hakuwezekani, kwa hivyo miaka ya 1990 Brenda Baker wa Bell Labs alitengeneza programu aliyoiita dup. Werevu wake ulikuwa hapa: alijua watu wakikopi hubadilisha majina, basi akaifundisha mashine isidanganywe na majina. Vipande viwili vyenye umbo lile lile, vilivyotofautiana kwa majina yaliyobadilishwa kwa mpangilio mmoja, vinanaswa pamoja. Zana nyingi za kisasa zinaendelea kwenye njia hiyo. Zinanasa nakala kamili bila taabu, nakala zilizobadilishwa majina pia, na zile zilizoongezwa au kupunguzwa mistari kwa jasho kidogo. Zinaposhindwa zaidi ni pale vipande viwili vinapofanya kazi moja kwa maandishi tofauti kabisa.

Kabla ya Baker kulikuwa na Stephen Johnson, wa Bell Labs vilevile. Mwaka 1978 aliandika lint, programu inayosoma msimbo wa lugha ya C na kuonyesha yanayotia shaka. Jina lilitokana na zile nyuzinyuzi ndogo zinazong'ang'ania nguo. Lint haikusema programu yako imekufa. Ilisema tu: shati lako lina uchafu hapa begani. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima wa zana za kukagua mtindo: nafasi, mabano, urefu wa mistari.

Na mtindo, bana, mara nyingi ni desturi tu. Mwongozo wa lugha ya Python, uliotolewa mwaka 2001, unataka mstari usizidi herufi 79. Kwa nini 79? Kwa sababu skrini za zamani zilikuwa na safu 80, na safu 80 zilitoka kwenye kadi za kutoboa ambazo IBM ilizileta mwaka 1928. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alizaliwa mwaka 1930. Yaani kijana wa Nairobi akikatazwa leo kurefusha mstari wake, anatii sheria ya kadi iliyomzidi Mboya umri.

Lakini usicheke sana. Tarehe 21 Februari 2014, Apple ilitoa sasisho la haraka la iOS. Ndani ya sehemu inayohakikisha kwamba tovuti uliyoifungua ni yenyewe kweli, mstari mmoja uliosema "goto fail" ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili ulisogezwa ndani kana kwamba nao uko chini ya sharti, ila haukuwa, kwa sababu hakukuwa na mabano. Ukawa unatekelezwa kila mara, na ukaguzi wa sahihi ukarukwa. Mtu aliye kwenye WiFi moja nawe angeweza kujifanya benki yako. Mstari uliorudiwa, mtindo mbovu, na mamilioni ya simu bila kinga. Zana inayodai mabano ingepiga kelele. Zana inayotafuta mistari isiyofikika kamwe ingepiga kelele pia.

Basi mashine ina faida, na anayebisha hajawahi kurithi msimbo wa mtu. Swali ni nini kinafuata baada ya kelele.

Mwaka 1994 Alex Aiken, baadaye profesa wa Stanford, alitengeneza MOSS, programu inayolinganisha kazi za wanafunzi ili kunasa waliokopi. Vyuo duniani kote vinaitumia. Nikiwa chuoni niliona wanafunzi wawili wakiitwa ofisini kwa sababu programu ya aina hiyo ilionyesha kazi zao zinafanana mno. Sehemu kubwa iliyofanana ilikuwa faili ya kuanzia ambayo mhadhiri mwenyewe aligawia darasa zima. MOSS ina kipengele cha kuiambia: hii tuliwapa wote, usiihesabu. Aliyeitengeneza alijua kwamba kufanana si ushahidi tosha. Asiyejua ni anayeisoma ripoti kama hukumu.

Ripoti ikisomwa hivyo dhidi ya watu, mambo huharibika. Kaunti za kaskazini mashariki, Garissa hasa, kuna Wakenya waliowahi kuandikishwa kama wakimbizi kwenye kambi za Dadaab, wengi wakiwa watoto, familia zao zikitafuta chakula au shule wakati wa ukame. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole zao zikaonekana kwenye daftari la wakimbizi. Mashine haikukosea. Vidole ni vile vile. Kosa lilikuwa uamuzi kwamba daftari hilo ndilo linalosema ukweli na ule mwingine ndio wa ziada. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huna kura, na kazi rasmi utaisikia tu.

Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas waliwapa wanaprogramu kanuni maarufu ya kutojirudia. Wengi huikumbuka kama marufuku ya kukopi. Wao walizungumzia ujuzi, si maandishi: kila jambo ambalo mfumo unalijua liwe na makao mamoja. Kutoka hapo unapata swali la kuuliza kila zana inapokuonyesha nakala mbili. Hii ikibadilika, je, ile nyingine ni lazima ibadilike? Kama ndiyo, ni kitu kimoja, kiunganishe leo kabla hujasahau. Kama hapana, ni Opiyo na Odongo. Ukiwaunganisha kwa sababu wanafanana, siku mmoja atakapohama utamvuta na mwenzake.

Swali hilo mashine haiwezi kujijibu, kwa sababu jibu haliko kwenye maandishi. Liko kwa nesi anayejua kwa nini fomu mbili zinafanana, na kwa mzee wa boma. Sasa hivi akili unde inaandika msimbo haraka kuliko tunavyousoma, nakala juu ya nakala, na ripoti zitazidi kurefuka. Zisome zote. Halafu, kabla ya kubonyeza futa, tafuta mtu anayemjua Otieno.