Tela ya Nachingwea

 Katika makala zilizotangulia nimeeleza jinsi babu yetu alivyotoka Ibra, Oman, akashuka Lindi akiwa kijana asiye na mali. Leo naandika juu ya chombo ambacho hakuna karamu ya ukoo inayokwisha bila kutajwa: tela ya babu. Nimelazimika kuitazama upya, na niliyoyaona hayatawafurahisha wote.

Chanzo ni safari ya siku moja. Mpwa wangu, ambaye hapa Vaughan hufanya kazi ya bustani na kuhamisha mizigo ya watu, alishinda mnada wa GCSurplus, yaani idara ya serikali ya Kanada inayouza vitu ambavyo wizara na jeshi wamemaliza kuvitumia. Alinunua tela ya mizigo ya kijeshi. Akanipigia simu: "Mjomba, twende wote tukaichukue. Wewe ndiye unayejua makaratasi." Kweli nayajua. Miaka 22 nilikuwa karani wa ghala huko Concord, si mbali na uwanja wa MacMillan ambako tangu mwaka 1965 mabehewa ya mizigo ya reli hupangwa na kupanguliwa usiku na mchana. Hati za mizigo na matela zimepita mikononi mwangu kuliko nilivyopata kushika shilingi.

Mali ya namna hii huuzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Serikali haikuletei, haikutengenezei, wala haisikilizi malalamiko. Mnunuzi hulipa, hupewa siku chache za kuondoa mali yake, naye huja na gari lake na vifaa vyake. Tulishika barabara kuu ya 400 kuelekea kaskazini asubuhi na mapema, tukaikuta tela nje ya ghala: rangi ya kijani iliyofifia, turubai limechanika, magurudumu mawili makubwa, na bamba dogo la chuma lililoandikwa uzito kwa ratili. Ni aina iitwayo M101, ya robo tatu ya tani. Asiyejua hudharau kipimo hicho. Jeshi lilihesabu mzigo wa kuvutwa porini, penye mashimo na matope. Juu ya lami chombo kile kile huruhusiwa kubeba zaidi.

Hapo ndipo tulipokwama. Gari la mpwa wangu lina tufe la chuma la inchi mbili nyuma, kama magari mengi ya raia yanayovuta tela hapa. Tela ya jeshi haina kikombe cha kukaa juu ya tufe; ina pete nene yenye tundu la inchi tatu, nayo hunaswa na kulabu yenye taya, inayofungwa kwa pini. Mpwa wangu aliizunguka mara mbili, akasema, "Mjomba, hii haiingii." Ilibidi arudi Barrie kununua kulabu, na taa za kubandika pia, maana taa za tela zilikuwa za volti 24, na gari lake lina volti 12. Sheria ya Ontario inataka tela iwe na taa nyekundu nyuma, namba yake yenyewe, na viungo viwili mbalimbali vya kuifunga kwenye gari. Ikifika uzito wa kilo 1,360 pamoja na mzigo, sharti iwe na breki. Mimi nikabaki kuilinda, nikaketi juu ya ubao wake. Zikapita saa mbili, na katika saa hizo sikuiwaza tela ile hata kidogo. Niliwaza ile nyingine.

Majeshi yalizipenda tela kwa hesabu rahisi: injini moja ikibeba mzigo na kuvuta mwingine, umepata nusu ya lori bila kununua injini ya pili wala kumlisha dereva wa pili. Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kwa wingi usio kifani. Kampuni ya Bantam, ya Pennsylvania, ndiyo iliyounda jeep ya kwanza mwaka 1940. Lakini kazi kubwa ya kutengeneza jeep walipewa Willys na Ford, na Bantam ikaambulia kutengeneza tela zake. Kanada nayo, ambayo watoto wetu huiona nchi ya theluji na utulivu, ilitoa zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi katika vita vile, mengi yakitoka viwanda vya Ford huko Windsor na General Motors huko Oshawa, mji ambao kutoka nyumbani kwangu ni mwendo wa saa moja hivi. Magari hayo yalienea katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake, Afrika ya Kaskazini, Italia, hata India na Burma. Marehemu mama alikuwa akisema lori la babu, Ford lililotoka jeshini, lilikuwa "la Kanada". Sisi watoto tulidhani Kanada ni aina ya gari.

Vita vilipokwisha, zaidi ya askari 300,000 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamepita jeshini, wengi katika Keya, na baadhi yao walirudi na ujuzi ambao hawakwenda nao: udereva, ufundi wa injini, kusoma na kuandika. Walirudi pia na kiinua mgongo. Wengi walitaka kukiweka katika gari, kwa kuwa magari ya jeshi yalikuwa yakiuzwa na biashara ya uchukuzi ilikuwa na njaa ya watu. Lakini fedha ya askari mmoja haikutosha lori, na sheria za kikoloni ziliwazuia wafanyabiashara wasiwakopeshe Waafrika kama walivyokopeshana wao kwa wao. Mwenye duka alipata mkopo na leseni. Mwenye ujuzi alipata mshahara.

Kisha ukaja Mradi wa Karanga. Serikali ya Uingereza, yenye njaa ya mafuta ya kupikia, iliamua mwaka 1946 kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na kwetu kusini, Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, basi wakanunua mabaki ya vita. Yalitoka matrekta chakavu Ufilipino. Vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga na kampuni ya Vickers, vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mibuyu ikakataa kung'oka, vipuri havikuwapo. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Reli waliyoijenga kwa ajili yake kusini nayo haikudumu. Ilifungwa mwaka 1962. Waliofaidi walikuwa watu wadogo walionunua masalia. Nani hajaona huko kwetu bati la mradi juu ya paa la jiko?

Katika masalia hayo ndimo ilimotoka tela ya babu. Hadithi ya ukoo mnaijua: babu alikwenda Nachingwea na dereva wake, akachagua tela bora kuliko zote, akaifunga nyuma ya Ford, akarudi nayo Lindi huku watu wakitoka majumbani kuitazama. Kwa tela ile alisomba mtama, ufuta na korosho kutoka Nachingwea na Masasi kwa miaka mingi, na kwa tela ile duka moja likawa matatu. Ndivyo ilivyosimuliwa, nami mwenyewe nimeisimulia hivyo hapa, katika makala ya pili.

Tulipofika Vaughan jioni ile, baada ya mwendo wa polepole katika mkono wa kulia wa barabara na kelele za pete ikigonga ndani ya kulabu kila tulipofunga breki, mpwa wangu alishindwa kuirudisha tela nyuma uani. Kila alipokata usukani, tela ilikwenda upande asioutaka. Majirani wawili walisimama kutazama. Bila kufikiri nikamwambia, "Mkia ukitaka uende kulia, kichwa kipeleke kushoto." Akafanya, ikaingia. Akaniuliza, "Umejifunzia wapi, Mjomba, nawe huendeshi hata gari dogo?"

Nilijifunza kwa yule tunayemwita dereva wa babu. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nikimtazama akirudisha Ford na tela katika uchochoro wa stoo, mkono mmoja juu ya usukani, kichwa nje ya dirisha, akisema maneno yale yale kumfunza taniboi wake. Alikuwa askari wa Keya, amerudi kutoka Burma. Alifariki mwaka 1969. Jina lake nalihifadhi kwa sasa, kwa sababu nitakayoieleza.

Usiku huo nilifungua sanduku la karatasi za marehemu baba, lililonifikia kutoka Maskati mwaka 2009. Ndani yake mna hati moja ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ya mwezi wa Safar 1371, yaani Novemba 1951. Naungama mbele yenu kwamba niliisoma mwaka ule ule wa 2009, nikaikunja, nikaipita. Hati yasema kuwa tela ya magurudumu mawili iliyonunuliwa Nachingwea kwa shilingi 900 ni ya watu wawili, babu na askari yule, kila mmoja ametoa shilingi 450. Leseni itaandikwa jina la babu. Faida na hasara ni nusu kwa nusu, kwao na kwa warithi wao baada yao. Mashahidi ni wawili. Babu ametia sahihi kwa Kiarabu. Mwenziwe ameandika jina lake kwa herufi za Kizungu, kubwa kubwa, zilizonyooka kama gwaride.

Basi hakuwa mtumishi wa mwenye tela. Alikuwa mwenye tela. Na nikikumbuka jinsi wazee walivyosimulia, kwamba "dereva" aligonga magurudumu, akalala chini kutazama ekseli na springi, akakataa tela tatu kabla ya kuikubali moja, naona kwamba hata katika uongo wetu ukweli ulikuwa umeketi. Babu hakuijua tela. Mwenziwe ndiye aliyechagua.

Jambo hili lingekuwa la heshima tu, la kusahihisha simulizi, lisingekuwapo daftari la baba. Babu alifariki mwaka 1963, na katika uhai wake daftari zake zinaonyesha fungu la mwenziwe kila mwisho wa msimu wa korosho. Baada ya mwaka 1969 fungu hilo halimo tena. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika, na baba akaamua kuhama. Aliuza alichoweza. Ukurasa wa mwisho una mstari huu: tela, shilingi 4,200. Mstari unaofuata: nauli, watu sita, Mombasa hadi Maskati. Mjane wa askari na bintiye hawamo.

Tuliosoma fiqhi hata kidogo twajua kuwa deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Baba alikuwa mtu mwema, na mwaka ule ulikuwa wa hofu. Sitaki mtu amseme vibaya. Lakini mmoja wa wale sita ni mimi. Shilingi 2,100 katika nauli ile hazikuwa zetu, na mwaka 1988 nilipokuja Kanada nilitokea Maskati, mahali ambapo nauli ile ilinifikisha.

Wiki iliyofuata mpwa wangu alichukua namba za tela, na kibali kikaandikwa jina lake peke yake. Kwa kuwa nusu ya bei niliitoa mimi, nilimtaka tuandikiane karatasi. Alicheka. "Mjomba, baina yetu pia?" Nikamwambia hasa baina yetu. Tukaandika nakala mbili, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiswahili, tukataja warithi.

Nilimwandikia pia binamu yetu aliyebaki Lindi, nikampelekea picha ya hati, nikamwomba aulizie Nachingwea. Jibu limekuja juzi. Mjane alifariki zamani, lakini binti yu hai, ni bibi mwenye wajukuu, na alipoonyeshwa sahihi ya baba yake aliitambua mara moja. Anaikumbuka tela, aliipanda kwenda shule akiwa juu ya magunia. Alimwambia binamu yetu kwamba mama yake alikwenda Lindi mara mbili kuuliza habari za fungu lao, na mara ya pili alikuta duka limefungwa. Kisha akauliza nusu ilikuwa kiasi gani, na kwa fedha ya leo ni kiasi gani.

Nimelitandaza daftari la baba juu ya meza. Bei ya gunia la korosho mwaka 1976 imo, ya mtama imo, ya nauli imo. Nimeanza na korosho. Binamu zangu mnaotaka kushiriki katika hesabu hii, au mnaoipinga, niandikieni kabla ya mwisho wa mwezi.